Maneno ya Cirhuza Mlangoni

Vénérand alifundisha historia Bukavu miaka kumi na minne. Somo alilolipenda kupita yote ni Wagiriki wa kale, na jinsi waandishi wao walivyowatungia majemadari hotuba. Mwandishi hakuwepo vitani, aliwaeleza wanafunzi, au alikuwepo asisikie vizuri. Basi aliandika yale yaliyofaa kusemwa saa ile. Hakuna aliyemwita mwongo.

Sasa anaishi ughaibuni, kitongoji cha Mount Druitt, anapakia maboksi ghalani. Mwaka jana alimwombea viza mdogo wake Nicole, aliyebaki kambini Kakuma. Fomu ilimtaka aeleze siku wenye silaha walipovamia nyumba yao na kumuua kaka yao mkubwa, Cirhuza. Siku hiyo Vénérand alijificha darini, akasikia milio tu. Lakini alipokaa kuandika, hakustahimili kuona kaka yake anakufa bubu. Akamsimamisha mlangoni, akamfanya awasihi wale watu kwa ajili ya mama zao, ajitoe yeye ili Nicole aachwe. Ukurasa mzima. Aliuandika huku analia.

Siku hiyo Nicole alikuwa chumba kimoja na Cirhuza. Alipohojiwa kambini alisema hapakuwa na maneno. Cirhuza alipigwa risasi akitafuta viatu.

Barua ya kukataliwa ilifika Jumanne. Vénérand aliipeleka mji jirani wa Parramatta kwa Kawira, Mkenya anayewasaidia wakimbizi kujaza fomu.

“Mwalimu, maelezo yenu yanapingana,” alisema Kawira. “Sasa hawaamini hata kwamba Nicole ni dada yako.”

“Mimi ndiye niliyetunga. Yeye amesema kweli. Waandikie hivyo.”

“Nitawaandikia. Lakini watauliza umetunga nini kingine.”

Vénérand alianza kumweleza habari za Wagiriki. Kawira akamsogezea karatasi tupu. Vénérand aliandika upya: nilikuwa darini, sikuona kitu, nilisikia risasi tatu. Mistari miwili. Aliitazama kama kaburi lisilo na jina, akatia sahihi.

Jumapili Nicole alipiga simu.

“Kaka, wameniambia uliandika Cirhuza alisema mengi.”

“Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuharibia.”

“Alisema nini? Nisomee.”

Nakala ya ukurasa ule ilikuwa mezani. Alisoma polepole. Alipofika mahali Cirhuza anapomtaja Nicole kwa jina, alisikia kilio, kisha simu ikakatwa.

Miezi mitano imepita. Ofisi ya viza haijajibu, na Nicole hapokei simu zake.