Nyekundu Getini

Mpwa wangu alichukua viatu vyake vya shule akavitumbukiza kwenye pipa la maji. Kwa makusudi. Nilimwona kwa macho yangu.

Mtoto wa darasa la tatu, hata kuku hajui kumfukuza.

"Leo siendi, mjomba. Vimelowa."

Wiki ya pili hiyo. Mara tumbo, mara kichwa. Dada yangu, mama yake, akaapa: ikiendelea hivi, anampeleka kwa bibi yake, mbali, akasome huko.

Moyo ukanipasuka. Huyu mtoto ni roho yangu. Kila asubuhi namshusha shuleni kwa pikipiki, ndipo niende kuchomelea mageti ya watu.

"Nani anakuonea? Nitajie jina tu."

Akawa anaangalia vidole vya miguu.

Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la sita kwa kuchekwa. Walikuwa wananiita Masizi. Nikasema kwa huyu haitatokea, labda niwe nimekufa.

Nikampakia na ndala zake hivyo hivyo, nikamwacha uani, nikaingia kwa mwalimu wa malezi. Ofisi yenyewe kastoo: chaki, mipira iliyotoboka. Nikabwaga helmeti yangu ya njano mezani. Paa!

"Mwalimu, nataka jina la huyo mtoto. Sasa hivi."

"Kaa kwanza, kaka."

"Sikai!"

"Haya, simama, ila sikiliza."

Mama mtu mzima, hana haraka. Akaniambia wiki iliyopita aliwapa watoto karatasi. Chora shule. Tia nyekundu mahali unapoogopa. Chini andika unahitaji nini. Majina hakuna.

Nikacheka. "Watoto wanaonewa, nyie mnachora?"

"Bila kuuliza tungeweka mlinzi uwanjani. Kumbe hofu iko chooni. Milango haina komeo."

Akafunua karatasi. Choo. Choo. Choo tena.

"Komeo nachomelea mimi, bure!" Kifua mbele.

"Asante. Ila hii moja imenishinda. Nyekundu iko getini."

Nikainama. Pikipiki. Juu yake mtu, mdomo wazi, meno yote nje. Kichwani duara la njano.

Mwalimu akaangalia karatasi. Akaangalia helmeti. Akaniangalia mimi.

Chini, mwandiko ninaoujua, ule wa herufi zinazopanda mlima:

"Nahitaji mjomba anishushe mbali. Akiniita Kobe wenzangu wanaiga."

Kobe. Kwa sababu begi ni kubwa kuliko yeye na anatembea taratibu. Kila asubuhi nikimshusha napiga honi, napaza sauti: "Kobeee, kimbia, kengele inakuacha!" Geti zima linaangua kicheko. Nilidhani wanampenda. Nilidhani nachekesha.

"Unamfahamu?" mwalimu akauliza polepole.

Ningeweza kusema hapana. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa kabisa.

"Ni wangu," nikasema.

Kengele ya mapumziko ikalia. Dirishani nikasikia: "Kobeee, kimbia!" Wamelivuta jina vilevile kama mimi. Sauti yangu, midomo yao.

Nikatoka. Walikuwa kama kumi, yeye katikati na ndala zake.

"Sikilizeni. Hilo jina nimelitunga mimi. Nilikosea. Mnajua mimi shuleni waliniita nani? Masizi. Nikaacha shule."

Nilitegemea kimya. Mmoja akajaribu, kwa sauti ndogo: "Masizi!" Wakacheka wote.

Jamani. Mtu mzima na ndevu zangu, machozi hayo.

Nikafungua mdomo niwafokee. Mkono mdogo ukanivuta shati.

"Usiwajibu, mjomba," akaninong'oneza. "Ukijibu ndiyo wanazidi."

Miaka tisa tu, na ameshakuwa fundi wa hilo.

Mwalimu bado anahangaika nao, na siku hizi kwa bibi hakutajwi. Komeo nilichomelea, zote sita. Asubuhi nazima pikipiki kwa fundi viatu, kona moja kabla ya geti. Namwita jina lake alilopewa na mama yake, kwa sauti ya chini.

Muulize mtoto wako anahitaji nini. Ila ukiuliza, usiende na ngumi. Unaweza kukuta umechorwa wewe.