Pawabenki Yetu ya Mwanzi

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Sisi tuliozaliwa kabla simu hazijafika vijijini, tuliokulia kwenye nyumba za redio moja na tochi moja, tumeanza kuonekana washamba mbele ya watoto wa juzi. Jumapili iliyopita shemeji yangu Deo, mdogo wake mume wangu, anayekaa kwetu hapa Kibimba, Ngara, aliitazama redio yangu iliyoko juu ya kabati, akamwambia binti yangu Anitha kwamba ile ni takataka ya enzi za mababu na siku moja ataitupa shimoni. Redio ile nilipewa na baba yangu nilipoolewa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasonga ugali, na ugali hausubiri ugomvi. Sasa umeiva.

Msinielewe vibaya. Mimi napenda vifaa kuliko wanawake wengi ninaowajua, na kuliko Deo pia, ila yeye anavipenda kwa macho. Nikisikia kuna kitu kipya mnadani, nitakwenda nikishike, nikigeuze, nikinuse. Taa ya sola yenye redio ndani yake naisifu mpaka kesho. Spika ndogo ya kuning'iniza kwenye baiskeli, nzuri, ila aliyeitengeneza hajawahi kupita barabara ya vumbi. Kava la simu lenye masikio ya sungura sitaki hata kuliona: haliingii mfukoni, haliingii kwenye pochi, na simu ikianguka kioo kinapasuka, masikio yanabaki mazima. Saa ya Deo inamhesabia hatua anazotembea kutoka kitandani mpaka kwenye kochi. Mama yake analima kwa jembe la mkono tangu alfajiri na hajahesabiwa na mtu. Viatu vya Anitha vya kuwaka taa viliwaka vizuri mpaka vilipokutana na umande wa Ngara.

Kipimo changu ni kimoja tu: je, kinafunguka? Kitu nisichoweza kukifungua kwa bisibisi au kisu cha jikoni, hicho sijakinunua, nimekikodi. Na kipimo hicho sikufundishwa na video yoyote. Nilikipata Nyakahura.

Tulihamia Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kutoka upande wa Shinyanga: baba, mama, ng'ombe, baiskeli moja, na mimi mgongoni. Mdogo wangu Shija alizaliwa hukohuko. Tuliokua miaka ile tunajua vifaa ni nini. Saa tulizivaa wote, za kuchora kwa kalamu kwenye kifundo cha mkono, na kila mwenye saa alikuwa na saa yake. Ukiuliza ni saa ngapi unapata majibu mengi kama watu. Simu tulifinyanga kwa udongo wa mtoni, antena mwiba, na vitufe vya mbegu za mtama. Za kuongea kwelikweli zilikuwa maboksi mawili ya kiberiti na uzi, Shija yuko nyuma ya zizi, mimi jikoni, namuuliza ndama wamefika wangapi, naye anajibu kwa kupiga kelele mpaka uzi hauna kazi. Gari la waya lilikuwa na usukani, breki na taa za vizibo vya soda. Likiharibika unalitengeneza, kwa sababu ni wewe uliyelitengeneza.

Na tulikula. Asubuhi michembe iliyochemshwa, karanga juu yake, na maziwa mgando yaliyoganda mpaka kibuyu kinagoma kuyatoa. Watoto wa siku hizi ukiwapa viazi vilivyokaushwa wanakuuliza viliharibikia wapi.

Sasa redio. Redio ya baba, hiyohiyo Deo anayoiita takataka, ilikaa juu ya meza yake peke yake na ilivaa kuliko sisi. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu, na Jumamosi kilifuliwa kabla ya nguo zetu za shule. Leo wananiambia kava la simu ni mtindo mpya. Baba alikuwa na msemo wake: "Redio ni ya mkubwa, kusikiliza ni kwa wote." Hatukuruhusiwa kugusa kitufe. Lakini betri, betri zilikuwa zangu. Baba alikuwa na vidole vya kamba na jembe, visivyoingia vizuri kwenye kile kisanduku cha nyuma, kwa hiyo nikiwa darasa la tatu niliteuliwa kuwa waziri wa betri, na Shija, aliyekuwa ndiyo kwanza anasoma a, e, i, o, u, akawa naibu.

Kazi ya uwaziri haikuwa ya mchezo. Betri ikianza kuchoka unaitoa, unaianika juani juu ya jiwe. Ikichoka tena unaigongagonga pembeni. Ikichoka tena unaing'ata, ndiyo, kwa meno, na mama zetu walitugombeza na sisi tukang'ata. Mama alikataa kabisa betri zitupwe. Alisema, "Betri ni kama mzee. Usimzike kabla hajamaliza kusema."

Kilichofanya redio ile ipendwe nyumbani si muziki. Bibi yetu, Bibi Mindi, mama yake baba, alikuwa amebaki Shinyanga. Simu hazikuwepo kwetu wala kwake. Alichokuwa nacho ni kadi za salamu. Mwalimu jirani yake alimwandikia, kadi ikatumwa redioni, na Jumapili mchana, wakati wa kipindi cha salamu, mtangazaji angesoma majina na ujumbe. Hivyo ndivyo mama na mwanawe walivyoongea. Neno moja, kisha unakaa nalo hadi kadi nyingine.

Masika moja alipita mchuuzi wa ng'ombe akitokea kule, akamwambia baba kwamba amemwacha Bibi Mindi amelala, hali chakula, hata uji anaukataa. Baba hakuweza kwenda. Mvua zilikuwa zimekata barabara, mabasi yenyewe yalikuwa yakisubiri askari wa kuyasindikiza msituni kwa ajili ya majambazi, na mama alikuwa na kichanga cha siku chache. Baba akasema, "Kama yupo, Jumapili atasema."

Jumapili hiyo hakusema. Iliyofuata hakusema. Salamu za watu wengine zilisomwa mpaka mwisho, baba akafunika redio kwa kitambaa chake taratibu, kama anayemfunika mtu. Aliacha kula kwa hamu. Alikuwa anamega tonge moja, analizungusha, analirudisha. Mimi mtoto nilielewa: hatukuwa tunasubiri salamu, tulikuwa tunasubiri kujua kama bibi yu hai.

Jumapili ya tatu, redio ikafa asubuhi. Nilianika, niligonga, niling'ata, wapi. Duka la pale barabarani halikuwa na betri, lori la mizigo lilikuwa limekwama kwenye matope. Baba alitoka akaenda kusimama zizini na ng'ombe wake, akatugeuzia mgongo.

Nikamwambia Shija, chukua kikapu. Tukapita nyumba kwa nyumba: "Shikamoo, tunaomba betri zilizokufa." Watu walicheka, wakauliza tunazipika. Nikawaeleza habari ya bibi. Mama mmoja Mhangaza, jirani yetu, alinyang'anya mtoto wake gari ambalo magurudumu yake yalikuwa betri. Kijana mwingine alifungua tochi yake akatoa betri nzima kabisa, akasema leo atatembea kwa kupapasa. Na kila aliyetoa akafuata nyuma kuja kuona. Nyumbani nilipasua mwanzi ukawa mfereji, kama nilivyoona wachungaji wakifanya, nikazipanga betri humo, moja nyuma ya nyingine, nikazibana mwisho kwa kipande cha ndara, nikafunga waya huku na huku mpaka kwenye redio. Betri moja iliyochoka haiwezi kitu. Zaidi ya kumi zilizochoka, zikishikana, zinabeba.

Baba akaitwa. Watu wamejaa uani. Akawasha.

Kimya.

Sijasahau uso wake. Kipindi kilikuwa kimeshaanza, tunajua, mahali fulani majina yanasomwa, na sisi hatusikii. Mtu mmoja akasema mtoto huyu anachezea wazazi. Mimi nikaupitishia mwanzi ule kidole, kichwa cha betri, kitako, kichwa, kitako, mpaka katikati nikakuta moja imegeuka. Nikamwuliza Shija nani amegeuza. Akasema kwa kiburi kabisa, "Mimi. Maandishi yake yalikuwa yamelala kichwa chini, nimeyanyoosha yasomeke."

Naibu wangu alikuwa amejua kusoma.

Nikaigeuza. Sauti ikaja, nyembamba kama ya mbu, tukainama wote. Majina ya Tabora, majina ya Geita, majina ya watu tusiowajua. Kisha mtangazaji akasema Bibi Mindi anamsalimu mwanawe Lubinza na wote waliopo Nyakahura, Biharamulo, na ujumbe wake unasema: "Nimeshakula. Na nyie kuleni."

Baba aliketi chini, palepale kwenye udongo, mwanaume mzima. Maana neno lile asingeweza kulituma kabla ya kuugua. Lilikuwa neno la mtu aliyeinuka. Kisha akamwambia mama alete michembe, na walioleta betri wote wakala. Redio ilizima kabla kipindi hakijaisha. Hakuna aliyejali.

Hao ndio sisi. Tulikusanya vitu vilivyokufa, tukavifunga kwa waya na ndara, vikasema. Kwa hiyo mtu akija kuniambia redio ile ni takataka, ajue anaongea na waziri.

Turudi kwa Deo. Tulipomaliza kula nikamwomba ile pawabenki yake, nzito kama tofali, aliyoileta kutoka mjini kwa mbwembwe na kulalamika tangu siku ya kwanza kwamba haikai na chaji. Akanipa huku akisema uzito ndio ubora. Nikachukua kisu cha jikoni. Akaruka, "Shemeji, utaiua." Nikamwambia haikuzaliwa. Nikaipasua ubavuni. Ndani mlikuwa na kibetri kama kidole gumba, na sehemu yote iliyobaki wamejaza saruji. Saruji kavu, imeganda vizuri, fundi wa nyumba angeisifu. Anitha akachungulia, akauliza, "Baba mdogo, kumbe unajenga?"

Mume wangu alitoka nje kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kilichonikera hakikuwa saruji.

Kuna jambo nilikuwa nimelibeba. Mama mkwe wangu anaishi Bugarama, peke yake. Ana kitochi chake, kile kisimu cha vitufe chenye tochi, amekishonea mfuko wa kitenge, anakivaa shingoni mpaka shambani. Kila jioni anakipeleka kwa jirani mwenye sola kikachajiwe. Nilipokwenda mara ya mwisho alinivuta pembeni, akanionyesha kile kisimu kwa aibu, akaniambia, "Mwanangu, wewe unajua mambo haya. Hebu kifungue unitazamie. Kitakuwa kimeharibika. Hakiiti."

Nilikifungua. Nilitoa betri, nikafuta, nikarudisha. Nikakipigia kwa simu yangu, kikaita vizuri. Nikamwambia labda ni mtandao. Mume wangu humpigia mwisho wa mwezi. Deo, mwenye simu ya kamera nne, hajampigia tangu alipokuja kwetu, na mama yule akinipokea swali la kwanza ni Deo yu mzima.

Basi nikamwambia yote, mbele ya mtoto, na saruji yake iko mezani. Akasema hana salio, ana bando la intaneti tu. Nikamsukumia simu yangu. "Piga."

Akapiga, nikabonyeza sauti kubwa. "Mama, shikamoo." Kisha sauti ya mama mkwe, ndogo: "Deo? Subiri. Usikate. Niwaite watu."

Tukamsikia anatoka nje. Tukasikia mlango, kuku, kisha anaita jirani kwa Kihangaza, na mwingine, na mwingine. Deo alitazama dakika zinavyokwenda kwenye kioo, akanitazama mimi. Nilimrudishia jicho, akaketi. Aliketi chini, si kwenye kochi.

Sisi tuliomba betri za kijiji kizima ili tusikie neno moja la mtu mmoja. Leo kila mfuko una betri iliyojaa, na neno lenyewe ndilo limeadimika. Sisemi turudi kule. Matope yale siyatamani, na mtoto wangu asije akang'ata betri. Ila kuna kitu tulikuwa nacho juu ya ile meza, chini ya kile kitambaa, ambacho sijakiona kikiuzwa mnadani.

Mama mkwe alirudi kwenye simu anahema. Akauliza, "Umekula?" Deo akajibu, "Nimekula, mama." Na kabla hajamuuliza kitu kingine chochote, tulimsikia akiwageukia majirani zake, kwa furaha kubwa, akiwaambia:

"Kumbe simu ni nzima."