Sauti Iliyochelewa Kuanza

Katika vitu alivyoacha baba, ndugu zangu walijadili baiskeli, koti la kwaya na shamba dogo la michikichi. Mimi nilitaka sauti iliyokuwa ndani ya kinanda chake, na nilijua kwamba ilikuwa mbioni kupotea.

Baba alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa kijana, akaoa Ujiji, na kwa miaka mingi aliimba katika kwaya ya kanisa letu hapa Buzebazeba. Kifua kilipoanza kumbana, akawa hamalizi ubeti bila kukohoa, ndipo akahamia kwenye kinanda. Ni kinanda cha zamani, kizito, chenye kidirisha chembamba cha maandishi. Alasiri nyingi alikiinamia akibonyeza vitufe, akipandisha namba hii na kushusha ile, mpaka akapata sauti yake mwenyewe. Haikuwa filimbi wala fidla. Ilikaribia mtu mzima anayeimba amefumba mdomo. Hakuwahi kutuambia alikuwa anatafuta nini, na hakuna aliyehitaji kumuuliza.

Sauti ya namna hiyo si wimbo uliorekodiwa. Ni namba tu, na kinachozitunza kinanda kikizimwa ni betri ndogo ya duara kama ya saa. Betri ikiisha, namba zinafutika na kinanda kinarudi kwenye sauti za kiwandani, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kukigusa. Kabla baba hajalazwa, kidirisha kilikuwa kimeanza kuonya kwamba betri imechoka. Alisema atashughulikia akitoka hospitali. Hakutoka.

Sasa, kwaya yetu ina desturi yake. Mpiga kinanda akifariki, kinanda chake hufunikwa kitenge na hakilii tena mpaka siku ya kuanua matanga. Mwanzoni sikuwa na ugomvi na jambo hilo. Lakini kila nilipopita sebuleni nikakiona kimefunikwa, hasira ilinipanda. Niliona tunamheshimu marehemu kwa kumwacha afe mara ya pili.

"Mama, nataka kuitoa ile sauti kabla haijapotea," nilimwambia.

Alikuwa mkekani, kitambaa cheusi kichwani. "Kinanda ya baba yako hailii," alijibu. "Unataka watu waseme tumeshachoka kulia?"

Nilimweleza polepole, ingawa upole si kipaji changu. Nina kibanda mtaa wa Mwanga, natengeneza kompyuta na kurekodi kwaya. Mambo hayo nayajua. Nilimwambia waya wa midi haupitishi sauti, unapitisha maagizo tu kati ya kinanda na kompyuta. Nitakifunga sauti kabisa. Zile namba zitahamia kwangu kimyakimya.

Mama alinitazama sana. "Basi nitakaa hapo hapo. Nikisikia hata ti, nachomoa mimi mwenyewe."

Akakaa kweli, mikono magotini, akilinda ukimya. Nilifunua kitenge, nikachomeka waya, nikafungua programu, nikakiamuru kinanda kitume kila kilichonacho. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ukajaa taratibu kwenye kioo cha kompyuta. Ulipofika mwisho, machozi yalinitoka bila taarifa. Mama alikifunika tena kinanda, akalainisha mikunjo ya kitenge kama anavyomfunika mtoto aliyelala.

Baada ya hapo nilibadilisha betri. Kama nilivyotarajia, kinanda kilisahau kila kitu, nami nikakirudishia namba za baba kutoka kwenye kompyuta. Kazi ingeishia hapo. Ila programu ile haionyeshi namba peke yake, inachora. Nikaiona sauti ya baba kwa mara ya kwanza: mstari unaoanza chini kabisa, unapanda kwa uvivu, unasitasita, ndipo unafika juu.

Kuchelewa huko kulikuwa kumetugombanisha miaka nenda rudi. Unabonyeza, kimya, halafu ndiyo sauti inakuja. Nilikuwa namwambia, "Baba, hii sauti yako inakokota miguu," naye anacheka mpaka anakohoa. Mwalimu wa kwaya naye alikuwa ameniomba, kama nitakipiga mimi siku ya matanga, niirekebishe kidogo ianze kwa wakati. Nikaushika ule mstari kwenye kompyuta, nikausimamisha wima ili sauti ianze papo hapo, nikazituma namba mpya kwenye kinanda. Niliona nimemsaidia mzee. Sikuweza kuijaribu kwa sababu kinanda hakikuwa na ruhusa ya kulia, kwa hiyo nilihariri sauti kwa macho.

Siku ya kuanua matanga uani kulijaa watu, ndugu wengine wamekuja kwa boti kutoka Kagunga. Kitenge kikatolewa. Kwaya ikajipanga, nikabonyeza.

Sauti ikatoka mara moja, safi, kwa wakati wake. Na kwaya haikuimba. Waimbaji wote walikuwa wamevuta pumzi na kusubiri ile sauti ipande, kama walivyozoea miaka yote, na walipogundua kwamba imeshafika, nilikuwa mbele yao mbali. Wakadandia katikati, kila mmoja kwa njia yake, wakanyamaza mmoja mmoja. Watu wakatazamana. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Wakati huo mama alitakiwa kuvua kitambaa cheusi. Shangazi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kukipokea. Mama akakishika kichwani kwa mikono yote miwili.

"Huyo ni nani?" aliniuliza. "Mume wangu alikuwa anavuta pumzi kwanza. Sasa ndiyo umemzika. Sivui hii kitambaa mpaka nimsikie."

Hapo ndipo nilielewa nilichokifuta. Haikuwa kasoro ya kinanda. Baba, ambaye kifua kilimnyima pumzi, alikuwa ameitia pumzi humo kwa namba, na kwaya nzima ilikuwa inavuta pumzi pamoja naye.

Namba zake nilikuwa nimezihifadhi kama zilivyokuwa. Nilikimbilia ndani nikaleta kompyuta na waya. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeuchomeka. Nikazituma, watu wote wamesimama, mstari ukijaa kwa mwendo wake uleule usiojali haraka ya mtu. Kisha nikabonyeza tena.

Kimya. Nilisikia waimbaji wakivuta pumzi nyuma yangu. Mama naye akavuta yake, mabega yakapanda. Sauti ikaanza chini, ikasitasita, ikapanda, na ilipofika walikuwa wanaisubiri, wakaingia nayo wote.

Mama alisikiliza mpaka ubeti ulipoisha. Halafu akakifungua kitambaa, akakikunja, akampa shangazi.