Macho ya Mtoto wa Mondo

Pale zahanati, Sista Dorkas Wemin alimfunua yule kichanga wa Ambai. Macho yalikuwa yamevimba yakafumba, usaha wa manjano unachuruzika. Bibi yake alikuwa akiyadondoshea maziwa ya mama, kama wafanyavyo wote huku milimani Simbu, akashikilia kwamba ni upepo tu. Upepo! Dorkas alishachoka na huo upepo. Mtoto wa kwanza wa Ambai, Vero, naye aliletwa hapahapa na upepo wake, akatoka na jicho moja.

Akamchoma mtoto sindano, akamchoma na mama, kisha akawa anayasafisha yale macho kwa maji ya chumvi kutwa kucha, kiuno kinamuwaka moto. Dorkas hakumficha Ambai: hiki ni kisonono, mumeo ndiye aliyekiokota huko anakojua, na asipotibiwa atakurudishia. Ambai alilia kimya. Mume wangu Mondo hawezi kukanyaga hapa, alisema. Mwanamume akikaribia damu ya uzazi hudhoofika, huzeeka kabla ya wakati.

"Huzeeka," Dorkas alisema. "Na mimi je?"

Siku ya tatu mtoto alifumbua macho. Yote mawili meusi, mazima. Dorkas alifurahi hadi machozi yakamlenga, ila muda wa kulia aupate wapi? Alitia sindano mfukoni, akaupanda mlima mpaka kwenye nyumba ya wanaume, wanakolala mbali na wake zao. Akasimama nje ya uzio wa nguruwe akihema, akamwita Mondo mbele ya wenzake, bila haya.

Mondo alitoka amembeba Vero mabegani. Wenzake wakacheka chinichini. Dorkas akamshusha mtoto, akamgeuza uso umwelekee baba yake.

"Baba Vero, jicho la huyu ulilipofusha wewe. Wa pili nimemwokoa. Wa tatu sina nguvu naye. Haya, geuka."

Mondo aligeuka, akashusha kaptura, akachomwa. Wenzake sasa walikuwa wanatazama chini. Dorkas alikuwa ameshaanza kuteremka aliposikia mtu anamkimbilia nyuma.

"Sista," Mondo alisema. "Kuna mwanamke mwingine. Yuko mjini Goroka. Naye ana mimba."

Dorkas alikaa chini palepale kwenye tope, na gauni lake jeupe. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka kweli.

"Miezi mingapi?" akauliza.