Jiwe Moja kwa Lori la Melchior

Mwezi wa tatu mwaka 2001, wakubwa waliokuwa wakitutawala walitangaza, redioni na kwenye mlango wa kila kanisa, kwamba usalama umerudi kabisa. Kwamba barabara ya Beni hadi Butembo ni huru kwa watu na mali zao. Na kwamba, ili uhuru huo ulindwe vizuri, kila gari litasimama kwenye kila kizuizi na kuzima injini.

Melchior Kambere alilisoma tangazo hilo mara mbili. Alikuwa dereva wa miaka hamsini na minne, Mprotestanti, mtu wa kutii maandishi. Shamba lake la Mabalako lilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Alibaki na lori moja kuukuu. Démarreur yake, ile ya kuwashia injini, ilikuwa imekufa zamani, hivyo liliwaka tu likiachiwa kwenye mteremko. Lori likitembea, nyumba yake ya Rughenda, Butembo, ilikula.

Miaka ishirini na sita ya kupandisha ule mlima mrefu kabla ya Butembo ilikuwa imemfanya mwalimu. Vitesse ya kupandia, yaani gia ya kwanza au première, inachaguliwa chini, si katikati. Macho yasiende bondeni, maana mikono inafuata macho. Na zaidi ya yote, kwenye mpando hakuna kusimama. Alipoombwa kumshauri bwana harusi kanisani alisema hayo tu, akaketi. Mke wake Kavuo alikwisha kuzoea.

“Huyu hata mukate anaukata na première,” aliwaambia majirani.

Convoyeur wao, utingo wa lori, alichukuliwa na wenye bunduki kubeba masanduku ya risasi na hakurudi. Tangu hapo Kavuo ndiye aliyeshika cale, gogo la mkaratusi la kuweka kwenye gurudumu lori lisiteleze. Gogo hilo lilikuwa na miaka tisa, kavu, limelainika kwa mafuta ya mawese.

Asubuhi ile walitoka Beni na mapipa ya mawese. Kwenye kizuizi cha kwanza Melchior alizima injini kama ilivyoandikwa. Pale palikuwa na mteremko kidogo. Kavuo alitoa cale, lori likaachiwa, likawaka. Alipokimbia kupanda, askari mmoja alimshika mkono.

“Mama, ule muti ni ya nini? Iache. Mvua imelowesha kuni zetu.”

Kavuo alipofika kwenye kabini alikuwa mikono mitupu.

“Cale iko wapi?”

“Iko inapika maharagi.”

Melchior alifikiri kwa kilomita kadhaa. “Hapana neno. Mupando hatusimame.”

Lilikuwa jibu sahihi kwa miaka ishirini na sita. Lakini kizuizi kipya kilikuwa kimewekwa wiki ile ile, katikati ya mpando, mahali penye mwinuko mkali kuliko pote.

“Papa, zima moteur,” askari wa pale alisema.

“Chef, hii motokari ikizimika hapa haitawaka. Niache nifike pale juu, mita mia mbili, pako plat, hapana mupando. Pale nitazima, hata nitalala.”

“Barrière iko hapa. Haiko kule.”

“Juu ya nini munaiweka katikati ya mulima?” Kavuo aliuliza.

“Kule juu motokari zinakimbia, mama. Hapa zinachoka, tunazikamata muzuri. Donc, papa, unakataa communiqué, tangazo ya wakubwa?”

Hakukataa. Alivuta breki ya mkono, akazima. Askari akachukua karatasi, akaanza kuzisoma moja moja, kwa utulivu wa mtu mwenye siku nzima. Kavuo alishuka kutafuta jiwe. Hapakuwa na jiwe. Yote yalikuwa yamekusanywa na kupangwa vizuri pande mbili za barabara, kizuizi kipate kusimama imara.

“Chef, nipe moja tu. Nitarudisha.”

“Ile ni mawe ya État, ya serikali, mama. Hapana kugusa.”

Breki ilishika kwa dakika nne hivi. Kisha Melchior aliisikia inaachia chini ya kiganja chake. Alikanyaga pedali, ikazama bila kitu. Kavuo akapiga kelele, “Ruka!” Akaruka. Lori lilirudi nyuma polepole, kama linaloomba nafasi, likaiacha barabara. Sauti ya mapipa iliendelea bondeni muda mrefu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Melchior alitazama chini.

Askari alimaliza kusoma. Alizikunja karatasi, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

“Papa, documents yako iko en règle, hapana kosa. Unaweza kuendelea.”

Waliendelea kwa miguu. Tangu siku hiyo ndivyo walivyopanda, kila juma, yeye na bidoni mbili za mawese mgongoni, Kavuo na moja. Majirani walisema Melchior hakumshauri tena mtu yeyote jambo lolote. Alipanda bila kusimama.

Tangazo lilibaki kwenye mlango wa kanisa hadi mwisho wa mwaka. Na kweli barabara ilikuwa huru. Kuanzia mwezi wa nane, toka chini hadi juu, hawakupishana na gari hata moja.