Tulienda Kumpa Pole Mama Furaha, Tukashiba

Jamani, leo wanawake wa jumuiya tumeaibika hapa Buhongwa. Na tumefurahi!

Kuna mama amekimbia vita Kongo na wanawe, kapanga chumba jirani na mwenyekiti wetu. Mama Furaha. Tukambebea unga, sabuni na vitenge. Nyuso za msibani kabisa.

Mwenyekiti akaanza kusali. Akalia.

Na sisi tukalia, si mnatujua?

Mama Furaha akatusubiri weee, mwisho akasema: "Dada zangu, kuleni kwanza, mtalia baadaye. Chakula kinapoa."

Kumbe alisikia tunakuja, akapika! Kisamvu cha mawese, samaki, ugali wa muhogo. Sahani kaazima kwa majirani.

Tukajifanya tumeshiba. Akasema taratibu, "Tangu nikimbie kwetu, ninyi ndio wageni wangu wa kwanza."

Hapo nani angekataa? Tulikula mpaka mwenyekiti akalegeza kitenge.

Nimerudi na bakuli lake limejaa. Sasa bakuli la mtu halirudishwi tupu, nishaurini niweke nini.

Fanyeni haraka, maana mume wangu kalimaliza lote, na anauliza tunaenda lini tena kusaidia.