Ng'ombe wa Marudio

Tope la mwaloni, pale dhahabu inapooshwa, lina harufu yake. Si harufu ya mvua juu ya vumbi, wala ya mtungi mpya. Ni harufu ya chuma kilicholala majini, imechanganyika na moshi wa kuni na jasho la watu wanaotwanga mawe tangu asubuhi. Mpaka leo, nikiwa kidato cha tatu, mbali na nyumbani, mtu akimwaga maji ya kufulia kwenye udongo nyuma ya bweni, harufu hiyo inanipanda puani na moyo unaruka kabla sijajua kwa nini. Wenzangu wanadhani naogopa nyoka. Sijawahi kuwaambia. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali nasimama na jibu mdomoni, na mara nyingi nakaa nalo chini vilevile. Kwa kuandika naweza.

Tulikuwa tunakaa Nyarugusu, Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Kabula. Mimi nilikuwa darasa la pili, Kabula alikuwa bado mdogo wa kubebwa akichoka. Baba alikuwa mchimbaji. Yeye na wenzake walileta mawe kutoka kwenye duara, shimo la kuchimbia, wakayatwanga kwenye kinu cha chuma, kisha wakaosha unga wake mwaloni, nyuma ya nyumba yetu, karibu na migomba. Dhahabu ikishatoka, tope linalobaki linaitwa marudio. Siku hizo marudio hayakuwa kitu. Yalirundikwa mpaka yakawa kilima, kuku wakachimba humo, na Mama akawa anayachota kusiriba ukuta wa jiko. Baba mwenyewe ndiye aliyetuambia, "Chezeni nalo hilo. Limeshanyonywa, halina kitu." Nakumbuka alivyolisema, akikunja suruali yenye tope, bila hata kututazama.

Ulikuwa mwaka wa maduka matupu. Kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kusimuliana, na mwanasesere wa dukani tulimsikia tu. Kwa hiyo kila cha kuchezea kilitoka mikononi mwa Mama. Gunzi la hindi alilivisha kitambaa likawa mtoto wa kubebwa mgongoni. Matambara aliyaviringa na kuyafunga kwa kamba ya katani yakawa mpira. Lakini Mama alizaliwa upande wa Ushirombo, kwa watu wanaofinyanga vyungu, na mkono wake ulipenda udongo kuliko kitu kingine.

Ng'ombe walianza kwa sababu ya surua. Kabula aliugua, akapona, lakini kula hakurudia. Alifunga midomo kama mtu anayeficha kitu, na miguu yake ikawa vijiti. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamwambia Mama maneno machache: dawa imemaliza kazi yake, sasa huyu mtoto ale, asipokula utampoteza. Tulirudi nyumbani. Jioni ile Mama aliketi kando ya kilima cha marudio, akachota tope, akalichanganya na udongo wa kichuguu ili lishikane na majivu kidogo ili lisipasuke. Akalikanda mpaka likawa laini kama donge la maandazi. Kiwiliwili alikifanya kama kiazi kitamu. Miguu aliivuta kutoka tumboni humohumo, mifupi na minene, maana ya kubandika hung'oka. Nundu aliifinya kwa vidole viwili, pembe zikawa miiba, mkia uzi wa katani, macho punje za mtama. Alimweka ng'ombe yule mbele ya sahani ya ugali.

"Ana kiu," alisema Mama. "Lakini ng'ombe huyu hanywi mpaka mwenye ng'ombe ale."

Kabula alimtazama ng'ombe, akamtazama Mama, kisha akafungua mdomo. Tonge moja likaingia. Ng'ombe akanyweshwa kwenye kifuniko cha chupa, na Kabula akamsemea asante kwa Kisukuma, "Wabeja." Tulipomwonyesha tonge la pili akakataa. Huyu ameshakunywa, alisema. Basi Mama akafinyanga wa pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kila tonge na ng'ombe wake. Mama akikanda, mimi nikichonga miiba, Kabula akipachika macho. Tuliwakausha kivulini chini ya kitanda, maana jua la moja kwa moja huwapasua mgongo. Kabla mahindi hayajakauka shambani zizi lilikuwa limejaa uvungu mzima, na mashavu ya Kabula yalikuwa yamerudi. Mkubwa wao tulimwita Bwana Shamba, kwa ajili ya tumbo, maana bwana shamba wetu alikuwa na tumbo lililotangulia kufika kila mahali. Baba akirudi kutoka kwenye duara alikuwa anainama na kumsalimia: "Shikamoo Bwana Shamba. Usituandikie faini, pamba tutapanda." Kabula alikuwa anacheka mpaka kwikwi inamshika.

Halafu akaja mgeni kutoka Buseresere na chupa yake ya zebaki, yale maji mazito yanayong'aa. Alichota marudio yetu mbele ya watu, akayaosha, akayachanganya na zebaki yake, akakamua kwa kitambaa, akachoma kilichobaki. Kilipopoa kilikuwa cha njano. Watu walisogea karibu. Marudio yaliyochezewa na kuku yalikuwa bado na dhahabu ndani. Tangu hapo hapakuwa na usingizi. Kilima chote kilioshwa upya. Wakafagia ua. Wakakwangua hata ukuta wa jiko aliousiriba Mama, mpaka fito zikaonekana kama mbavu.

Siku hiyo Mama alikuwa shambani. Baba na mwenzake, Baba Doto, mtu wa utani tangu anapoamka, walikuwa wamekaa chini ya ukuta ule uliokwanguliwa. Baba Doto akasema, "Baba Minza, wewe tajiri unajificha. Huko uvunguni una ng'ombe wa mahari nzima, wote wa dhahabu." Watu wakacheka. Minza ndiye mimi, nami pia nilicheka. Baba hakucheka. Aliinuka.

Aliingia ndani na karai, akapiga magoti kando ya kitanda. Sikuelewa. Aliwapanga ng'ombe kwenye karai taratibu, mmoja mmoja, asiwavunje pembe, na ule utaratibu wake ndio ulionidanganya. Kabula akauliza, "Baba, wanakwenda kunywa?"

"Ndiyo, mama. Wanakwenda kunywa."

Kabula akachota maji kwenye kikombe chake na kumfuata nyuma, kwa hatua za pole asimwage.

Bwana Shamba ndiye aliyetangulia kinuni. Nilikuwa nimezoea sauti ya jiwe likitwangwa, ni sauti inayopiga kelele. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa sauti fupi, laini, kama mtu aliyekaa juu ya kapu la mayai. Nilitaka kusema Baba, na neno hilo nalijua tangu sijaota meno, lakini halikutoka. Mchi ulipanda, ukashuka. Pembe za miiba ziliruka, moja ikaangukia mguuni kwangu. Baba Doto alikuwa ameacha kucheka. "Baba Minza, acha basi. Nilikuwa natania." Baba hakumsikia. Macho yake yalikuwa ya mtu mwingine, mtu ambaye nikikutana naye njiani ningempisha. Kabula alisimama pale na kikombe chake mpaka ng'ombe wa mwisho.

Waliosha unga ule, na kweli, ukingoni mwa karai pakabaki mstari mwembamba wa njano, kama kipande cha ukucha wa mtoto mchanga. Uso wa Baba ukafunguka. Akamwinua Kabula, akamwonyesha. "Tazama, mama. Tazama Bwana Shamba wako alikuwa na nini tumboni." Alikuwa anafurahi kweli, hilo ndilo lililonishtua kupita yote. Alidhani na Kabula atafurahi. Kabula alitazama. Aliposhushwa chini alimwaga maji ya kikombe chake, akaingia ndani.

Jioni alifunga midomo. Mama, aliyekuwa ameukuta uvungu mtupu na kuambiwa yote na mimi kwa maneno ya kukatikakatika, alijaribu ugali, akajaribu uji, akajaribu ndizi mbivu. Kesho yake vilevile. Baba aliosha mikono, akakata tonge, akalipeleka mwenyewe. Kabula aligeuza uso ukutani. Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Dhahabu umeipata, Baba Minza. Sasa mlishe hiyo." Baba akabaki na tonge mkononi mpaka likapoa.

Asubuhi iliyofuata Mama alinichukua tukaenda mbali, bondeni, ambako hakuna duara hata moja. Tulimkuta mzee mmoja analima. Tukamwamkia, akaitikia, na Mama akamuuliza kama kuna dhahabu kwenye udongo ule. Mzee akaegemea jembe na kucheka. "Hapa, mwanangu? Hapa hata viazi vimekataa."

"Basi huu ndio naoutaka," alisema Mama, na tukajaza ndoo.

Alifinyanga mbele yetu wote, Baba akiwapo. Ng'ombe alikuwa mweupemweupe, hana mng'ao wowote. Kabula akauliza, "Mayu, ana kitu ndani?" Mama akajibu hana. Kabula akamgeukia Baba, akamuuliza yeye pia. "Hana kitu," alisema Baba, maneno yaleyale aliyoyasema juu ya marudio, ila safari hii alikuwa anatutazama. Kabula hakumwamini. Alimshika ng'ombe kabla hajakauka, akamkata katikati, akachungulia nusu hii, akachungulia nusu ile. Kisha akampa Mama vipande amfinyange upya. Akafungua mdomo. Tonge moja.

Sasa Kabula yuko shule, anakula mpaka anaficha ukoko wa ugali, na anacheka kwa sauti kuliko mimi. Nyarugusu nayo si ileile. Marudio yanafungwa kwenye magunia, yana mlinzi, na mtoto akishika tope anafukuzwa kama mwizi. Baba anatwanga bado, amepungua mabega. Siku ile ya kinu haijawahi kutajwa nyumbani kwetu.

Likizo iliyopita nilimkuta Kabula uani na watoto wa jirani, anawafundisha kufinyanga. Yote yalikuwa ya Mama: majivu, kichuguu, miguu ya kuvuta, nundu ya vidole viwili. Nilifurahi, nikachuchumaa nichonge miiba kama zamani. Ndipo nikaona kwamba kila ng'ombe akishamalizika, Kabula anachukua kijiti na kumtoboa tumbo, kutoka ubavu huu hadi ubavu wa pili, anazungusha mpaka tundu linakuwa safi. Nikamuuliza ni la nini. Aliniangalia kama nimemuuliza pembe ni za nini.

"Ili mtu mzima akimshika, aone mapema kuwa hamna kitu."

Watoto wadogo nao walikuwa wanatoboa. Kwao ng'ombe ndivyo alivyo. Wale wetu wa zamani walikuwa na matumbo yaliyojaa, na hatukujua yamejaa nini. Nilimchukua mmoja aliyekauka nikamweka jichoni. Upande wa pili wa tundu alikuwepo Baba, amekaa karibu na kinu, ameacha kutwanga, anatutazama. Nilimshusha ng'ombe haraka, nikamrudisha zizini.